Shajara ya mradi: sumaku na usuperkondakta katika La₁.₈₇₅Ba₀.₁₂₅CuO₄ kwa kutumia muoni

Lengo, na kwa nini kiwanja hiki

Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, wakiwa katika maabara ya IBM huko Rüschlikon karibu na Zürich, waliona ukinzani wa umeme ukianza kuporomoka kwenye takriban 30 K ndani ya mchanganyiko wa lanthani, bariamu, shaba na oksijeni. Tuzo ya Nobel ilifuata mwaka 1987. Familia hiyohiyo, La₂₋ₓBaₓCuO₄ (x ni kiasi cha bariamu), ina tabia ambayo bado inastahili kupimwa upya kwa uangalifu. Ukiongeza bariamu, usuperkondakta, yaani kupitisha umeme bila ukinzani, unapanda hadi joto la 30 K na zaidi kidogo; unapofika x = 1/8 joto hilo linaanguka hadi takriban 4 K kwa ujazo mzima; ukivuka hapo linapanda tena. Kwenye 1/8 spini (mielekeo ya sumaku ndogo za atomu) za shaba na chaji hujipanga kwa milia ndani ya matabaka ya CuO₂, na milia hiyo inakaa imetulia badala ya kusogea.

Swali la mradi ni moja: je, sehemu ya ujazo yenye sumaku ndiyo hiyohiyo inayopitisha umeme bila ukinzani, au ni sehemu mbili zilizogawana fuwele?

Tumechagua muoni, chembe ndogo yenye spini inayopandikizwa ndani ya sampuli, kwa sababu inatenganisha mambo mawili ambayo vipimo vingine huyachanganya. Katika mtawanyiko wa neutroni, nguvu ya kilele cha sumaku ni zao la mraba wa momenti (nguvu ya sumaku ya kila atomu) na ujazo unaobeba momenti hiyo. Momenti ndogo iliyoenea kote na momenti kubwa iliyo katika robo ya sampuli zinaweza kutoa kilele kile kile. Kwa muoni, masafa ya mzunguko yanaeleza nguvu ya uga pale muoni ilipotua, na kimo cha wimbi kinaeleza ni muoni ngapi zimetua mahali penye uga huo. Kila uamuzi uliomo katika shajara hii, kuanzia mizani hadi programu, umefanywa ili kulinda utengano huo wa kimo na masafa.

Msingi wa kipimo, kwa ufupi

Kipimo kinafanyika kwenye Taasisi ya Paul Scherrer (PSI), Villigen, Uswisi. Protoni za 590 MeV hugonga shabaha ya grafaiti na kuzaa pioni. Pioni iliyosimama karibu na uso wa shabaha huoza baada ya wastani wa nanosekunde 26, na muoni chanya inayotoka huwa na nishati ya takriban 4.1 MeV huku spini yake ikielekea kinyume kabisa na mwendo wake. Kwa hiyo mwale unafika kwenye sampuli ukiwa tayari umepangwa spini kwa karibu asilimia 100, bila kuhitaji uga mkubwa wala baridi kali ya kuupanga. Hii ndiyo faida inayoruhusu kupima katika uga sifuri.

Ndani ya oksaidi, muoni hutulia takriban 0.1 nm kutoka kwenye oksijeni, mahali ambapo haidrojeni ingejishikiza. Wastani wa maisha yake ni 2.197 µs. Spini yake inazunguka kama pia inayoyumba, kwa kasi ya 135.5 MHz kwa kila tesla, na inapooza hutupa positroni ambayo hupendelea upande ambao spini inaelekea wakati huo. Vigunduzi vya mbele (F) na nyuma (B) vinahesabu positroni, nasi tunakokotoa asimetria: A(t) = (F − αB)/(F + αB). Herufi α inasahihisha tofauti ya ufanisi wa vigunduzi hivyo viwili, na itarudi chini maana ndiyo chanzo cha makosa mengi.

Sampuli: mizani na tanuri

*Hali: imekamilika.*

Kwa gramu 10 za LBCO-1/8, ufupisho wetu wa kiwanja hiki (uzito wa moli 405.16 g), vipimo ni hivi: La₂O₃ gramu 7.539, BaCO₃ gramu 0.609, CuO gramu 1.963. Jumla inazidi gramu 10 kwa sababu kaboni dioksaidi itatoka, na oksijeni kidogo itaingia wakati wa kuchoma.

La₂O₃ hainunuliwi ikawekwa moja kwa moja kwenye mizani. Inanyonya maji na kaboni dioksaidi hewani kwa haraka. Ikigeuka yote kuwa La(OH)₃ uzito wake unakuwa umepanda kwa karibu asilimia 17. Inachomwa kwanza kwenye 1000 °C usiku kucha, inahamishiwa kwenye chombo cha kukaushia ikiwa bado ya moto, na kupimwa mara tu inapopoa. Tuchukulie unga una asilimia 3 tu ya maji: lanthani inapungua kwa kiasi hicho, x halisi inasogea kutoka 0.125 hadi karibu 0.129, na CuO inabaki bila mwenza. Kwenye kiwanja kingine hilo lingevumilika. Hapa bonde la 1/8 ni jembamba, na kusogea huko kunabadilisha matokeo.

Unga unasagwa kwa kinu cha agati hadi rangi iwe moja, bila madoa meupe. Uchomaji wa kwanza ni 900 °C hewani ili BaCO₃ ianze kuvunjika na kuungana na wenzake. Kisha unasagwa upya, unakandamizwa kuwa kidonge, na kuchomwa kwenye 1000–1050 °C. Mzunguko huu wa kusaga na kuchoma unarudiwa hadi mistari ya eksirei iache kubadilika. Ni kazi ya kuchosha, lakini bariamu husambaa polepole, na anayeikatisha mapema anapata kidonge chenye chembe za x = 0.11 na chembe za x = 0.14 pamoja. Vidonge vinalazwa juu ya unga wa kiwanja kilekile ndani ya kikombe cha alumina, visigusane na alumina yenyewe. Mwisho ni kuvituliza kwenye oksijeni inayopita, 500 °C, na kuvipoza polepole. Oksijeni ya ziada huongeza mashimo ya chaji sawa na bariamu ifanyavyo, kwa hiyo vidonge vyote vya mradi lazima vipitie hatua hii pamoja.

Kipimo cha kidonge: kipenyo milimita 13, unene milimita 2, takriban gramu 1.5 ikiwa msongamano umefika asilimia 80 ya ule wa fuwele kamili. Muoni za 4.1 MeV husimama ndani ya sehemu chache za kumi za milimita katika oksaidi hii, kwa hiyo unene wa milimita 2 unatosha na kuzidi. Upana ndio unaohitaji kuangaliwa, maana muoni inayopita pembeni ya kidonge inakwenda kutua kwingine.

Ukaguzi kabla ya kugusa mwale

*Hali: imekamilika, vidonge vinne vimepita.*

Muda wa mwale ni ghali na unagawiwa kwa maombi yanayoshindanishwa, kwa hiyo kidonge kibovu kikamatwe nyumbani.

Eksirei: kwenye joto la kawaida muundo ni wa mraba, a karibu 0.378 nm na c karibu 1.32 nm. Tunatafuta mistari miwili ya ziada. Wa kwanza ni wa CuO, ambayo ni antiferomagneti (spini jirani huelekea kinyume) chini ya takriban 230 K. Ikiwamo hata asilimia chache, itapunguza kimo cha wimbi tangu 200 K, na mchambuzi asiyejua ataiita sumaku ya LBCO. Wa pili ni wa La₂O₃ au La(OH)₃. Kidonge chenye La₂O₃ iliyobaki kinavimba kikinyonya unyevu na kumeguka chenyewe kwenye sanduku. Ukiona vumbi jeupe chini ya kidonge baada ya kukiweka, usikipeleke.

Magnetometa ya SQUID (kipima sumaku chenye hisia kali), uga wa 1 mT, kupoza bila uga halafu kupasha: daimagneti kamili ya ujazo (sampuli nzima kuusukuma uga nje) isionekane juu ya takriban 4 K. Daimagneti hafifu juu ya hapo haimaanishi lazima kwamba sampuli ni chafu. Mwaka 2007 vipimo vya fuwele moja ya kiwanja hiki vilionyesha usuperkondakta unaoanza karibu 40 K ndani ya matabaka peke yake, matabaka yakiwa hayajaunganika. Kinachotutia shaka ni ngazi kali yenye kona karibu 25–30 K. Hiyo ni dalili ya chembe zilizo nje ya 1/8.

Kupachika na kupoza

Kidonge kinafungwa kwa karatasi nyembamba ya Mylar yenye alumini na kuning'inizwa kwenye uma wa shaba wa GPS (jina la kifaa cha muoni cha PSI), katikati ya njia ya mwale, bila bamba nyuma yake. GPS ina kigunduzi cha kukataa: muoni iliyopita bila kusimama kwenye sampuli inagonga kigunduzi kilicho nyuma na tukio lake linatupwa. Hili linapunguza usuli kiasi cha kufanya kidonge kidogo kiwezekane. Kwenye vifaa visivyo na mfumo huo, kama vile vya kituo cha ISIS nchini Uingereza, sampuli inalazwa juu ya bamba la fedha, kwa kuwa viini vya fedha vina momenti ndogo sana na muoni zilizotua humo hubaki na spini karibu isiyofifia. Usuli unakuwepo, ila unajulikana. Pia kuna desturi nzuri ya kuziba pembeni kwa hematiti, ambayo uga wake wa ndani ni mkubwa kiasi kwamba muoni zilizotua humo zinapotea kabisa kwenye asimetria ya kifaa cha mapigo, kinachopokea muoni kwa mafungu.

Karibu 55 K muundo wa LBCO-1/8 unabadilika na mabadiliko yenyewe ni ya ghafla, yenye kumbukumbu ya njia ya kupoza. Kwa hiyo tunapoza polepole kutoka 80 K hadi 40 K, tunashuka hadi joto la chini kabisa, kisha tunapima tukipanda. Kipimajoto kiko kwenye uma, si ndani ya kidonge. Kila badiliko la joto linafuatwa na dakika za kungoja hadi asimetria ya mapema iache kuhama, hata kama tarakimu ya kidhibiti imetulia zamani.

Kusawazisha: α, wakati sifuri, uga sifuri

Sehemu hii haitoi mchoro wa kuvutia, na ndiyo inayoamua kama michoro mingine itaaminika.

*α.* Inapimwa kwenye 100 K kwa uga mkingamo (uliokatisha spini kwa pembe mraba) wa 5 mT, ambapo sampuli haina sumaku. Wimbi la 0.68 MHz linapaswa kuyumba sawasawa juu na chini ya sifuri. Herufi α ni thamani inayolifanya liwe hivyo. Kosa la asilimia 2 kwenye α linasogeza asimetria yote kwa karibu 0.01. Hiyo inaonekana ndogo, lakini chukua asimetria ya jumla ya 0.24: mkia wa theluthi moja unaotarajiwa chini ya joto la mpangilio ni 0.08, na 0.01 ni zaidi ya asilimia 12 yake. Kidonge kikihamishwa au kubadilishwa, α inapimwa upya. Kuazima α ya kidonge jirani hakukubaliki katika mradi huu.

*Wakati sifuri.* Positroni chache kutoka kwenye mwale hupita moja kwa moja na kuacha kilele chembamba kwenye histogramu; hapo ndipo t = 0. Kosa la nanosekunde 1 linahamisha awamu kwa digrii 1.2 tu kwa wimbi la 3.4 MHz, lakini kwa uga wa 1 T (135.5 MHz) linahamisha karibu digrii 49. Kila histogramu ina t = 0 yake.

*Uga sifuri.* Uga wa dunia, karibu 50 µT, ukiachwa bila kufutwa unazungusha spini kwa takriban digrii 24 ndani ya 10 µs. Wimbi hilo halionekani kama wimbi. Linaonekana kama kufifia kwa karibu asilimia 9, na linafanana mno na kufifia kunakosababishwa na viini vya atomu. Koili za kufidia zinafanya kazi muda wote, na baada ya kipimo chochote cha uga mkubwa usomaji wa uga mahali pa sampuli unarudiwa kabla ya kuendelea.

Kwenye PSI mwale ni endelevu, muoni zinahesabiwa moja moja. Kwa muoni 40,000 kwa sekunde na dirisha la 10 µs, wastani ni 0.4 kwa dirisha, na matukio yenye muoni mbili yanatupwa. Kuongeza mwale zaidi ya hapo hakuleti data zaidi. Kunaongeza matukio ya kutupa na usuli. Na baada ya 10 µs ni asilimia 1 tu ya muoni iliyobaki hai, kwa hiyo ncha ya kulia ya kila mchoro wetu ina kelele nyingi na haitumiki kudai lolote peke yake.

Uga sifuri: wimbi la milia

*Hali: joto la 2 K hadi 60 K limepimwa.*

Juu ya mpangilio wa sumaku, asimetria inafifia taratibu kwa umbo la Kubo na Toyabe: viini vya lanthani na shaba peke yao, kiwango cha 0.1 µs⁻¹. Huu ndio msingi wa kulinganishia.

Chini ya takriban 35 K kufifia kwa mapema kunaongezeka, na kwenye joto la chini kuna wimbi dhahiri lililozimika ndani ya mikrosekunde moja hivi. Uga wa juu wa ndani ni karibu 25 mT, yaani takriban 3.4 MHz, kama ilivyokwisha kuripotiwa kwa kiwanja hiki. La₂CuO₄ isiyo na bariamu hutoa karibu 5.8 MHz (43 mT) na hupangika tangu takriban 325 K. Ndiyo maana tulilitafuta pia wimbi la 5.8 MHz kwenye 100 K: likiwapo hapo, kuna visiwa vya La₂CuO₄ ndani ya kidonge. Halipo.

Kosaini ya kawaida hailingani na data. Ukiilazimisha, awamu inakimbilia makumi ya digrii chini ya sifuri, na hiyo ni dalili kwamba modeli ni mbaya hata kama mstari unapita juu ya nukta. Milia haiendani na kipimo cha fuwele, hivyo muoni zinaona uga wa thamani nyingi kutoka sifuri hadi kilele. Jumla yake ni funksheni ya Bessel j₀, ambayo ina mabadiliko ya awamu ya digrii 45 ndani yake tayari. Kwa j₀ awamu inakaa sifuri bila kulazimishwa.

Katika sampuli ya chembe zilizoelekea kila upande, theluthi mbili ya asimetria inazunguka na theluthi moja inabaki kama mkia, kwa kuwa uga wa baadhi ya chembe uko sambamba na spini. Mkia huu una thamani kubwa: ukikaa bapa, sumaku imetulia, ukififia, kuna mwendo. Tahadhari mbili. Chembe za LBCO huelekea kulala bapa zinapokandamizwa, kwa hiyo theluthi halisi ya kidonge inaweza kuwa tofauti na 0.333, tunaipima kwenye 2 K na kuishikilia hiyo. Na kwa fuwele moja kanuni ya theluthi haipo kabisa.

Ili kuthibitisha utulivu tunaweka uga sambamba wa 100 mT kwenye 5 K. Uga huo ni mara nne ya uga wa ndani. Kama sumaku imetulia, asimetria nyingi inapaswa kurudi. Imerudi.

Uga mkingamo dhaifu: sehemu ya ujazo

*Hali: imekamilika, uchambuzi umerudiwa kwa kujitegemea.*

Kwa 5 mT, muoni iliyotua pasipo na sumaku inazunguka kwa 0.68 MHz na kuonekana vizuri. Iliyotua penye uga wa ndani inapotea kwenye wimbi hilo. Sehemu ya ujazo wenye sumaku ni 1 − A(T)/A(100 K). Matukio milioni 5 kwa kila joto yanatosha hapa, ilhali uga sifuri unataka milioni 20 na kuendelea. Hii ndiyo njia ya haraka ya kuchora mpito mzima, nasi tunaanza nayo kila mara ili kujua ni joto gani linastahili muda mrefu.

Kuna mtego mmoja unaotokana na j₀ ya juu. Kwa kuwa baadhi ya muoni ndani ya milia zinaona uga karibu na sifuri, sehemu yao inazunguka polepole na kujifanya kama haina sumaku. Ukiweka dirisha la kulinganisha tangu t = 0, mawimbi mawili yanavutana. Tunaweka wimbi la haraka kama kijenzi cha pili chenye masafa yaliyopatikana kwenye uga sifuri, na kimo cha wimbi la 0.68 MHz ndicho kinachoachwa huru.

Matokeo: kwenye joto la chini karibu ujazo wote una sumaku. Hakuna sehemu kubwa iliyojitenga ikawa superkondakta peke yake. Hili linaendana na kazi za awali za muoni kwenye 1/8.

Kwa nini neutroni zinasema 40 K na muoni zinasema 35 K

Swali hili linarudi kila tunapoonyesha mchoro, kwa hiyo linawekwa hapa. Hakuna anayekosea. Neutroni zinachukua picha fupi: spini inayotulia kwa sehemu ya bilioni moja ya sekunde tayari inaonekana imesimama. Muoni inangoja kwa mikrosekunde. Spini lazima itulie muda mrefu zaidi ndipo izungushe muoni kwa wimbi moja kamili. Kati ya joto hizo mbili milia ipo lakini inasogea. Kufifia kwa haraka bila wimbi tunakokuona mpakani ni sauti ya mwendo huo, na tunakichambua kama kijenzi cha peke yake badala ya kukichanganya na mpangilio uliotulia.

Uga mkingamo wa 50 mT: kina cha upenyo

*Hali: sampuli ya kulinganishia imekamilika; LBCO-1/8 imesitishwa kwa sababu iliyoelezwa.*

Ndani ya superkondakta ya aina ya pili uga hupenya kama vorteksi (mirija myembamba ya uga) zilizopangika. Muoni zinatua ovyo kati ya vorteksi na kuona uga tofauti tofauti, hivyo wimbi linafifia kwa kiwango σ. Kwa uga ulio mdogo sana kuliko ule unaozima usuperkondakta kabisa, λ (kina cha upenyo wa uga) kwa nanomita ni takriban 327/√σ, σ ikiwa kwa µs⁻¹. Kwa 50 mT nafasi kati ya vorteksi ni karibu 220 nm.

Kwa kujaribu mlolongo wote tumetumia La₁.₈₅Sr₀.₁₅CuO₄, ambayo haina sumaku iliyotulia. Hatua ni hizi: weka uga juu ya Tc (joto la mpito wa usuperkondakta), poza ukiwa na uga, pima, panda. Uga usibadilishwe ukiwa chini ya Tc. Ukibadilishwa, vorteksi zinanaswa kwenye kasoro za fuwele, mpangilio unavurugika, na σ inayopatikana ni kubwa kuliko ya kweli. Data hazitaonyesha kwamba kuna tatizo. Toa mchango wa viini kwa mraba: σ² ya jumla kutoa σ² iliyopimwa juu ya Tc. Kwa unga, λ inayopatikana ni mara 1.316 ya λ ya ndani ya matabaka, kwani upande wa c ni dhaifu mno. σ ya karibu 1 µs⁻¹ inatoa takriban 330 nm, yaani karibu 250 nm ndani ya matabaka, thamani inayokubalika kwa kiwanja hiki. Mwaka 1989 Yasutomo Uemura na wenzake walionyesha kwamba Tc ya oksaidi nyingi za shaba zenye udopaji (mashimo ya chaji yaliyoongezwa) mdogo hupanda sambamba na σ hii. Nukta yetu ya strontiamu iko mahali pake kwenye mchoro huo.

Ukaguzi wa pili ni masafa. Chini ya Tc uga wa wastani ndani ya sampuli unapaswa kushuka kidogo. σ ikipanda huku masafa yakibaki pale pale au yakipanda, tafuta sumaku kabla ya kutangaza usuperkondakta.

Kwa LBCO-1/8 kipimo hiki hakisomeki hivi. Sumaku ya milia inafifisha wimbi kwa kasi kubwa kuliko vorteksi zingefanya, na ipo karibu katika ujazo wote. Kutoa mraba mmoja kutoka mwingine mkubwa zaidi kungetupa namba yenye kosa lisilojulikana. Namba hiyo haitaandikwa.

Kinachofuata: shinikizo

Njia ya kutoka ni kubana sampuli. Shinikizo linanyoosha mpindo wa muundo unaoishikilia milia, na kazi iliyochapishwa mwaka 2013 kwa shinikizo la hadi takriban 2 GPa ilionyesha sehemu ya ujazo wenye sumaku ikipungua huku ile ya usuperkondakta ikiongezeka. Tunataka nukta nyingi zaidi kati ya 0 na 1 GPa, ambako mabadilishano yanaanza.

Kipimo kinahamia kwenye kifaa kingine cha PSI, GPD, chenye muoni za karibu 100 MeV/c zinazoweza kupita ukuta wa seli (chombo cha kubania sampuli). Seli ni ya MP35N, aloi ya nikeli na kobalti. Aloi ya shaba na beriliamu ni rahisi kuchonga lakini viini vya shaba hufifisha muoni kwa namna inayobadilika na joto, na hilo lingechanganyika na ishara yetu. Hata kwa MP35N, karibu nusu ya muoni au zaidi zitatua ndani ya ukuta. Kwa hiyo seli tupu inapimwa kwanza kwenye joto zote zitakazotumika, na mchango wake unafungwa kwenye modeli kabla ya sampuli kuingia. Chumba cha seli ni cha kipenyo cha milimita chache, vidonge vya milimita 13 haviingii; silinda mpya zinakandamizwa kutoka kwenye unga uleule wa tanuri lilelile. Shinikizo linasomwa kwa waya wa indiamu uliowekwa ndani, kutokana na joto ambapo indiamu inakuwa superkondakta, kwa sababu mafuta ya kusukumia huganda na shinikizo halisi kwenye 3 K huwa chini ya lile lililosomwa mezani.

Kazi zilizo wazi kwa sasa: kukandamiza na kutuliza silinda kwenye oksijeni, SQUID ya kila silinda, kuandika modeli ya vijenzi vitatu (seli, milia, sehemu isiyo na sumaku) katika musrfit, programu ya kuchambua data za muoni, na kuijaribu kwa data bandia zenye matukio milioni 10, ili tujue mapema ni badiliko dogo kiasi gani la sehemu ya ujazo linaloweza kuonekana kupitia ukuta wa seli.